Lita 180: kisa cha mwanafunzi wa udaktari aliyedisko, akarudi

Mwanafunzi huyu nilimsimamia kama mlezi wa masomo kwenye kitivo cha udaktari. Nimebadilisha kila jambo linaloweza kumtambulisha, na mwenyewe ameisoma rasimu akakubali iandikwe. Nitamwita M. Naandika kwa ajili ya walezi wenzangu, na kwa mwanafunzi ambaye barua ya kuondolewa chuoni (ndiko kudisko) bado iko kwenye begi lake hajamwonyesha mtu. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Usuli

M alikuja chuoni na alama za juu za sekondari, na akaja na desturi ya kusoma iliyompatia alama hizo: kupitia daftari mara tatu au nne, kupigia mistari kwa kalamu za rangi, kisha kukesha siku mbili za mwisho kabla ya mtihani. Mwaka wa kwanza desturi hiyo ilimvusha kwa kusuasua. Alibaki na sapu moja, yaani mtihani wa marudio, ya baiokemia, akaifanya, akafaulu, sote tukaona yamekwisha. Hakuna aliyemuuliza alifaulu vipi. Miaka miwili baadaye aliniambia kwamba alikariri majibu ya mitihani ya nyuma iliyokuwa ikizunguka mabwenini, na kwamba karibu nusu ya maswali yalirudiwa yaleyale.

Katikati ya muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, baba yake alipata kiharusi. M akawa anasafiri kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku. Alikosa vipindi, ila si vingi. Mwisho wa mwaka akaanguka masomo matatu: fiziolojia (namna mwili unavyofanya kazi), baiokemia na famakolojia (elimu ya dawa). Kwenye sapu akanyanyua famakolojia peke yake.

Kanuni hutofautiana chuo na chuo. Kwingine angekeri, yaani angepanda mwaka huku akibeba masomo aliyoanguka, kwingine angerudia mwaka bila maneno mengi. Kwetu, anayebaki na masomo mawili ya msingi baada ya sapu anaondolewa. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aya ya mwisho ilimtaka "aongeze bidii katika shughuli zake za baadaye", na chini ya sahihi, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, ilieleza kwamba ana siku 14 za kukata rufaa.

M aliiona sentensi hiyo siku ya 10. Siku tisa za mwanzo barua ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari, na nyumbani walikuwa wakiambiwa matokeo hayajatoka.

Rasimu ya kwanza

Alikuja ofisini kwangu na rasimu ya rufaa yenye kurasa mbili na nusu. Kurasa mbili zilikuwa za ugonjwa wa baba: tarehe, safari, usiku wa wodini. Nusu iliyobaki ilikuwa ahadi. Nilihesabu neno "bidii" mara nne.

Nikamuuliza, "Wakikurudisha, Jumatatu saa nne asubuhi utakuwa unafanya nini ambacho mwaka jana hukukifanya?"

"Nitasoma zaidi, Dokta."

"Mwaka jana ulikuwa unasoma saa ngapi kwa siku?"

Akafikiri. Ukitoa siku za safari, zilikuwa saa sita au saba nje ya vipindi. Hapo alinyamaza, na mimi nikanyamaza, maana hesabu yenyewe ilikuwa imeshajibu. Mtu anayesoma saa saba akaanguka, akiambiwa asome saa tisa ataanguka akiwa amechoka zaidi.

Nikamwomba daftari lake la fiziolojia. Lilikuwa daftari la kupendeza, manjano kwa maana za maneno, kijani kwa homoni, waridi kwa dawa. Nikalifunga, nikampa karatasi tupu, nikamwambia achore nefroni, kijimrija cha figo kinachotengeneza mkojo. Glomerula, fundo la mishipa linalochuja damu, ilitoka vizuri kama ya kitabuni. Nikamuuliza: "Kwa siku figo huchuja takriban lita 180, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Kalamu ikasimama kwenye kitanzi cha Henle, kipande cha mrija kilichopinda. Akaangalia dari.

"Ukurasa wenyewe nauona, Dokta. Uko upande wa kushoto, chini, una kisanduku cha kijani."

"Ndani ya kisanduku kuna nini?"

Hakujua. Aliuona ukurasa, rangi aliziona, hata doa la chai pembeni alilikumbuka. Kilichoandikwa hakikuwepo. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuona tatizo likijieleza waziwazi kiasi hicho ndani ya dakika tano.

Siku mbili zilizofuata tulifanya jambo ambalo ningependa kila kitivo kiliruhusu: tulikaa na karatasi zake za mtihani, swali kwa swali, na kila alilokosa tukaliwekea sababu. Hili hukuwahi kulisoma? Umesoma vibaya swali? Ulijua ukabadilisha jibu? Au mada unaitambua lakini huwezi kuitumia? Kundi la mwisho likameza zaidi ya nusu ya makosa yote. Mfano mzuri ulikuwa swali la mgonjwa wa moyo anayetumia furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, potasiamu yake imeshuka, eleza kwa nini. M alikuwa amekariri kwamba furosemidi hushusha potasiamu. Hakuweza kusema kwamba dawa huzuia chumvi isinyonywe kwenye kitanzi cha Henle, chumvi ikafika nyingi sehemu za mbele za mrija, na huko ikinyonywa, potasiamu ndiyo inayosukumwa nje kuingia kwenye mkojo. Jibu alikuwa nalo, njia ya kulifikia hakuwa nayo. Na mtihani wa mwaka wa pili, tofauti na ule wa sekondari, unauliza njia.

Uamuzi na sababu zake

Barua iliyopelekwa siku ya 13 ilikuwa ya ukurasa mmoja na robo. Ugonjwa wa baba ulichukua aya moja, ukiwa na vielelezo vya hospitali. Aya ya pili ilisema waziwazi kwamba ugonjwa haukuwa sababu pekee, na kwamba dalili zilikuwepo tangu sapu ya mwaka wa kwanza. Wenzangu wawili walidhani aya hiyo ingemwangusha. Mimi niliona kinyume: wajumbe wa kikao cha rufaa wana rekodi ya mwaka wa kwanza mezani, na mwombaji asiyeitaja anaonekana hajaielewa. Sehemu iliyobaki ilikuwa jedwali la makosa na mpango wa wiki.

Kulikuwa na njia tatu za kuomba. Ya kwanza, kupewa sapu nyingine baada ya miezi miwili. Ya pili, kurudi na kurudia masomo mawili tu. Ya tatu, kukaa nje mwaka mmoja kisha kurudia mwaka wa pili wote, pamoja na famakolojia aliyokwisha kuifaulu. M aliitaka ya kwanza kwa moyo wote, na ninamwelewa. Nikamsukuma kwenye ya tatu. Famakolojia aliipita kwa alama chache juu ya mstari, na bila fiziolojia ingemrudia mwaka wa tatu ndani ya patholojia, ikamrudia tena wodini. Zaidi ya hapo, baba alikuwa bado hajaweza kutembea. Kumrudisha mtu darasani wakati jambo lililomtoa bado linaendelea nyumbani ni kumwandalia barua ya pili.

Kikao chenyewe kilichukua dakika zisizozidi 15. Mjumbe mmoja aliuliza swali moja zito: "Baba akizidiwa tena wiki ya mtihani, utafanya nini?" M alijibu kwamba mwisho wa wiki sasa ni zamu ya kaka yake, na hali ikiharibika ataomba kuahirisha masomo kabla ya mtihani badala ya kuomba huruma baada yake. Kuahirisha kulikuwepo kwenye kanuni tangu siku ya kwanza. Mwaka uliopita hakuwahi kusikia mtu akikutaja.

Alikubaliwa kwa masharti: mwaka mmoja nje, kurudia mwaka mzima, kukutana na mlezi kila baada ya wiki mbili, na akianguka tena masomo mawili hakuna rufaa.

Mwaka wa nje

Sina mengi ya kusema kuhusu nusu ya kwanza. Alimhudumia baba, na alianza kukisoma kitabu kikubwa cha fiziolojia kutoka ukurasa wa kwanza, jambo ambalo hufanywa na karibu kila anayerudi, na karibu kila mmoja huliacha njiani. Yeye aliliacha mwezi wa tatu.

Nusu ya pili tukageuza utaratibu. Maswali kwanza, kitabu baadaye. Kila siku karatasi tupu moja: andika unachokijua kuhusu mada bila kufungua chochote, kisha fungua, sahihisha kwa kalamu nyingine. Maswali 20 ya kuchagua. Na daftari jipya, la makosa, lenye sharti moja: usiandike jibu sahihi, andika kwa nini ulikosa. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una mstari huu kwa mwandiko wake: "Nilidhani mkono wa kupanda wa Henle unapitisha maji kwa sababu wa kushuka unapitisha."

Si uvumbuzi wangu. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipima mwendo wa kusahau mwaka 1885, akijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma: waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu kukumbuka waliwaacha mbali. Kinachonigusa mimi ni kipande kingine cha jaribio lile: waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Na mwaka 2013 mtafiti Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusoma. Kujipima na kutawanya vipindi vya kusoma vikawekwa juu, kurudia kusoma na kupiga rangi vikawekwa chini. Kalamu tatu za M zilikuwa chini ya orodha.

Kurudi, na mazoea

Wiki ya kwanza aliketi safu ya nyuma kabisa. Darasa lilikuwa la waliokuwa nyuma yake, na kwenye maabara mmoja akamuuliza mbele ya watu, "Wewe si ulikuwa mwaka wa tatu?" M alijibu, "Nilikuwa mwaka wa pili. Bado nipo." Alinisimulia akicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Kila slaidi aliijua. Mhadhiri akianza sentensi, M anaimalizia kichwani. Kwenye vikao vyetu alikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake, na mimi nikafurahi. Kikao cha wiki ya sita nikamwambia kwamba anaendelea vyema, tukutane mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki mbili.

Testi ya kwanza ya fiziolojia akapata 46. Alama ya kufaulu ni 50.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji asimame nami kidogo, kwa kuwa ni jambo ambalo miongozo ya kuwarudisha wanafunzi hailitaji. Anayerudia mwaka anakutana na mambo aliyokwisha kuyaona, na ubongo haumwambii tofauti kati ya "nimeshaliona hili" na "naliweza hili". Vyote viwili vinaleta utulivu uleule. Mwanafunzi mgeni anaogopa slaidi ya usawa wa asidi na besi, hivyo anaifanyia kazi. Anayerudia anaitikia kwa kichwa kama anayekutana na jirani. Mazoea yana taabu. M aliacha karatasi tupu wiki ya tatu, bila kuniambia na bila kuamua. Aliona tu kwamba haihitajiki. Daftari la makosa lilikuwa na kurasa nne za wiki ya kwanza, mbili za wiki ya pili, kisha nyeupe.

Nami niliutazama utulivu wake nikaacha kuutazama ushahidi. Ningeliomba hilo daftari dakika moja tu, ningeliziona kurasa nyeupe.

Baada ya testi tulirudi kwenye wiki mbili. Sikumuuliza tena "unaendeleaje?" Nilikuwa naweka karatasi tupu mezani kabla hajaketi. M naye akatafuta wenzake wawili wa darasa jipya, mmoja wao yuleyule aliyemuuliza kuhusu mwaka wa tatu, wakakubaliana kwamba hakuna anayefungua daftari mpaka mmoja asimame ubaoni akajaribu. Kusimama ubaoni mbele ya wadogo zake kulimfanya ajiandae kuliko nilivyoweza mimi. Na kulifuta aibu kwa namna ambayo maneno ya kutia moyo hayakuweza: baada ya wiki chache akawa ndiye anayeulizwa.

Mambo mengine mawili yalibadilika kipindi hicho. Aliacha kukesha, kumbukumbu hukazwa usingizini, na mtu aliyelala saa tatu anapeleka mtihanini kichwa ambacho hakijamaliza kazi ya jana. La pili lilianza kwa bahati. Alinitajia kwamba anaamka alfajiri kifua kikiwa kizito na hawezi kurudi kulala, na kwamba imekuwa hivyo tangu baba alipougua. Nikampeleka kwa mshauri wa wanafunzi, akajaza dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima dalili za sonona, na kutoka hapo akaanza vikao vya ushauri nasaha vilivyoendelea hadi mwisho wa mwaka.

Matokeo

Alifaulu fiziolojia na famakolojia moja kwa moja. Baiokemia alibaki na sapu, akaifanya, akafaulu, na safari hii nilimuuliza alifaulu vipi. Sasa yuko miaka ya wodini. Si wa kwanza darasani, wala si wa mwisho. Amepoteza miaka miwili ukihesabu wenzake walioanza naye, na rekodi yake ya masomo itaonyesha pengo hilo daima. Amejiandalia sentensi tatu za kulieleza atakapoulizwa kwenye usaili: kilichotokea, alichogundua, alichobadilisha. Huzisema bila kuinamisha kichwa.

Uchambuzi

Kilichobeba uzito mkubwa zaidi ni kuyapanga makosa kwa sababu zake kabla ya kuandika barua. Bila kazi ile, mpango wowote ungekuwa ni kuongeza saa. Iligeuza pia namna M alivyojiona: aliingia ofisini akiamini kwamba hana akili ya udaktari, akatoka akiwa na orodha. Orodha inafanyiwa kazi. Kukosa akili hakufanyiwi kazi yoyote. Walezi wengi hukimbilia kumtia moyo mwanafunzi. Mimi naona moyo hujitia wenyewe mtu akishajua ni kipi kilichovunjika.

Kurudia mwaka wote bado kuna wanaokupinga hapa kitivoni, na wana hoja: ni gharama, na somo ulilofaulu umelifaulu. Kwa M ilikuwa sahihi kwa sababu alama yake ya famakolojia ilisimama juu ya hewa. Angekuwa amelifaulu vizuri, nisingeomba hivyo.

Kilichokwama ni kingi zaidi. Sapu ya mwaka wa kwanza ilipita bila mtu kuuliza. Kuahirisha masomo hakukutajwa kwa mwanafunzi ambaye kila mhadhiri alijua baba yake yuko kitandani. Swali la afya ya akili lilipaswa kuulizwa siku ile alipoleta rasimu, si mwaka mmoja na nusu baadaye. Dalili zilikuwa kwenye zile siku tisa za barua iliyokunjwa, nami nilizichukulia kama uzembe wa kawaida. Na kupunguza vikao wiki ya sita kulikuwa kosa langu tupu. Nilimpunguzia msaada wakati mazoea yalipokuwa yamemzidi nguvu, kwa kuwa kwa nje wakati huo ulifanana na kupona.

Lazima niongeze kisa kingine kwa ufupi, msomaji asije akaichukua karatasi tupu kama dawa ya kila mtu. Mwaka uliofuata nilimsimamia mwanafunzi mwingine kwa mpango uleule. Tulipopanga makosa yake, karibu yote yalikuwa mada ambazo hakuwahi kuzifungua. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia udaktari ni ndoto ya mama yake. Hakuhitaji mbinu ya kusoma, alihitaji mtu wa kukaa naye akiwa anamwambia mama. Hakukata rufaa, na leo anasoma kitu kingine.

Barua zetu za kuondolewa bado zinamalizia kwa "aongeze bidii", na siku 14 bado ziko chini ya sahihi. Nimependekeza siku hizo zipande ziwe sentensi ya pili, zifuatwe na jina la ofisi ya mlezi na saa anazopatikana, na "bidii" ifutwe. Kikao kilichopita hakikulifikia pendekezo hilo. Limewekwa namba saba kwenye ajenda ijayo.